CAG Alipokagua Yadi ya Magari

Ndugu msomaji, kama nawe umejaliwa shemeji anayejua kila kitu, sogea karibu tuliwazane. Wa kwangu, mdogo wake mke wangu, tunamwita Profesa. Hajawahi kumiliki hata baiskeli, na leseni yake ya udereva iko kwenye mchakato tangu siku za posa yetu, lakini injini ikikohoa mtaa wa tatu yeye ameshatoa cheti cha kifo. Ukiwa na shemeji wa aina hii hununui gari bila yeye. Nilijaribu kutoka kimya kimya alfajiri. Nilipoingia kwenye bajaji nilimkuta keshakaa ndani, kavaa ovaroli jipya.

Gari lenyewe halikuwa wazo langu. Binamu ya mke wangu alikuwa anaagwa Morogoro, sendofu ya sare na kadi za michango, na Mama Neema akaamua kwamba safari hii hatuteremki stendi na viatu mkononi. Nikatoa hoja. Nikasema tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika Morogoro, inaondoka kwa wakati, haisimamishwi na trafiki wala haihitaji mafuta yangu. Akanitazama kwa huruma.

"Sasa hiyo treni, Baba Neema, utaipaki wapi shangazi zangu waione?"

Hoja ikafia hapo.

Tuko saba ukimhesabu mama mkwe, na mama mkwe hana budi kuhesabiwa. Alikuja kutoka Tabora kufuata miwani, akapata miwani, na sasa anaona kila kitu. Ndiyo maana watoto wamembatiza CAG. Risiti yoyote inayoingia nyumbani kwangu inapita mikononi mwake, iwe ya luku au ya mkate, na hoja za ukaguzi husomwa wakati wa chakula cha usiku mbele ya wanangu. Bila shaka jina hilo halitajwi akiwa karibu.

Kwa familia ya namna hiyo kinachofaa ni Spacio, ile Toyota fupi yenye viti vya safu tatu. Tukaikuta moja ya rangi ya fedha kwenye yadi fulani ambayo sitaitaja, injini ya 1NZ, cc 1,500, imepigwa polishi hadi unajiona. Mwenye yadi, kijana mchangamfu wa shati jeupe, akatukaribisha soda. Profesa akakataa soda, akaanza ukaguzi. Akapiga teke tairi zote nne, akalipiga na la akiba. Akafungua boneti, akanusa. Akalala chini ya gari kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani kasinzia. Alipotoka akajipangusa vumbi, akasema, "Chombo kimetulia." Tukalizungusha mtaani, mshale wa joto haukunyanyuka hata kidogo, na Profesa akatafsiri kuwa hiyo ndiyo dalili ya injini yenye adabu.

Bei ilianzia milioni tisa na nusu. Nikakunja uso vizuri tu, nikasema mwisho wangu saba. Hapo ndipo Redio, kitinda mimba wangu, mtoto anayerusha hewani kila kinachosemwa chumbani, alipouliza kwa sauti ya taarifa ya habari: "Baba, si ulimwambia mama wakikaza utatoa hata nane na nusu?"

Mwenye yadi akampa pipi. Tukalipa nane na nusu.

Kwenye mkataba wa mauziano kulikuwa na mstari mmoja mwembamba usemao gari limeuzwa jinsi lilivyo. Profesa akanihakikishia kwamba huo ni urembo wa mawakili.

Safari ilianza kwa nyimbo. Zile njia nane za Kimara hadi Kibaha tulizipita kwa raha, upepo unaingia mbele, CAG kakalia kiti cha abiria akinisomea vibao vya spidi. Baada ya Kibaha barabara ikabana, malori yakatangulia, tukawa tunatambaa. Tulipopita Mlandizi, mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti.

"Mkwe wangu," CAG akauliza kwa upole, "hili gari linapika nini?"

Profesa akaruka nje aende kufungua mfuniko wa rejeta. Bahati yake bodaboda mmoja alimdaka mkono, akamweleza kwamba rejeta ya moto haifunguliwi, itakutoa ngozi ya uso. Watu wakatuzunguka, kila mmoja na ushauri wake, na sare za sendofu zikapigwa na vumbi lote la Mkoa wa Pwani. Mama Neema akakata shauri. Akasimamisha lori la saruji, akapanda kwenye kabini na gauni lake la shanga, na hivyo ndivyo alivyofika Morogoro, shangazi zake wote wakiwa wamepanga viti nje. Sikuwepo kushuhudia, lakini nimesimuliwa. Bado nasimuliwa.

Gari likavutwa hadi Ilala kwa fundi wetu, mtu mzima anayeongea polepole kama yuko madhabahuni, nasi tunamwita Mchungaji. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinyanyua juani: chai ya maziwa. Maana yake, akahubiri, maji yamekutana na oili, na yakikutana ujue gasketi ya silinda hedi imekwisha. Kisha akafungua mahali pa thamostati. Patupu. Mtu alishaing'oa zamani ili maji yazunguke muda wote na mshale wa joto ulale, hasa kwa safari fupi ya kuzunguka mtaa mbele ya mnunuzi. Ndani ya rejeta kulikuwa na tope la kahawia, ile dawa ya kuziba matobo. Profesa alikuwa ghafla anasoma gazeti.

Gasketi, hedi kupelekwa kusawazishwa, rejeta, thamostati, kulanti, oili na ufundi: shilingi 1,150,000. Nikampigia mwenye yadi.

"Bosi wangu," akasema, "gari ilitoka hapa nzima. Nyie mmeibebesha ukoo." Nikamwambia viti saba ni vya watu saba. Akahamia kwingine: "Halafu si mlikuja na fundi wenu? Yule wa ovaroli?"

Mkononi nilikuwa na nakala ya sheria ya mauziano ya bidhaa, Sura ya 214, mjukuu wa ile ya Waingereza ya 1893, na ningependa ujue kwamba niliisoma usiku taa za nyumba zikiwa zimezimwa kwa amri ya CAG. Inamtaka mtu anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa. Ila imeongeza kwamba kama mnunuzi alikikagua mwenyewe, asilalamikie kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Yaani, ndugu yangu, yale mateke ya tairi yana uzito mbele ya sheria! Ukichanganya na ule urembo wa mawakili, unaona mwenyewe nilivyobanwa. Nikamtishia kwenda Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumhadaa mteja. Hilo lilimgusa, maana jioni akatuma kwa WhatsApp orodha ya matengenezo aliyolifanyia gari kabla ya kuniuzia, ili nione kwamba aliyekula hasara ni yeye. Plagi. Bushi. Breki padi. Taimingi belti mpya, 280,000.

Nakiri orodha ilinigusa moyo. Nilikuwa naanza kumhurumia pale CAG aliponinyang'anya simu. Mama huyu hajui injini, ila anajua orodha. Akashuka mstari mmoja mmoja, na kila kitu anauliza kiko wapi. Akamtuma Redio kwa Mchungaji na maswali yaliyoandikwa nyuma ya bahasha.

Redio akarudi anatangaza tangu getini. "Bibi! Mchungaji amecheka mpaka amekaa chini! Anasema hiyo injini haina taimingi belti, ina cheni!"

Kesho yake CAG akavaa kitenge cha kwendea mahakamani, akasema twende. Mimi nilibeba pochi.

"Shikamoo mama," mwenye yadi akainama.

"Marahaba. Mwanangu, nifungulie boneti ya gari lolote la aina ile nione belti ya laki mbili na themanini."

Kijana akafungua, akaonesha mkanda ulio pembeni ya injini. CAG akarekebisha miwani. "Huo fundi kaniambia unazungusha alteneta. Mimi natafuta wa taimingi." Kimya. Wateja wawili waliokuwa wanaangalia Noah wakasogea kusikiliza. Ndipo akauliza swali ambalo mimi, pamoja na Sura ya 214, sikulifikiria.

"Kwenu wapi wewe?"

"Kisarawe, mama."

"Mzaramo?"

"Ndiyo."

CAG akapiga makofi. "Kumbe ni mtumwa wangu! Na ulivyoniacha nimesimama juani!"

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kushuka pwani, na mtani hakasirikiwi. Tangu dakika ile kijana hakuwa na pa kushika. CAG alikalia kiti chake cha kuzunguka. Akanywa chai yake. Akawaambia wale wateja wa Noah kwamba Mzaramo akikuuzia gari uhesabu magurudumu kabla ya kuondoka. Kisha akatangaza kwamba Harrier nyeusi ya mbele ni yake hadi deni lilipwe, akaingia, akafunga mlango, akataka awashiwe kiyoyozi. Mwenye yadi alikuwa anacheka huku jasho linamtoka, naye akarudisha matusi yake ya utani, mazito, mengine hayaandikiki, na mama mkwe akayapokea kwa furaha ambayo sijawahi kuiona nyumbani kwangu. Mwishowe akahesabu laki sita, akampa kwa mikono miwili.

Nikanyoosha mkono. CAG akazifunga kwenye pindo la kitenge.

"Hela ya utani hii, mkwe wangu. Haivuki kwa mwenye gari."

Nilipofika nyumbani nikamgeukia mke wangu; akatazama dari. Profesa akaeleza, kwa mamlaka ya bingwa wa mila, kwamba ndivyo ilivyo tangu zamani. Laki sita zimegeuka mabati ya geji 30, ya jiko la nje la Tabora. Mchungaji nimemlipa mimi, kidogo kidogo, na bado ananidai. Juzi Redio akanifuata bafuni, akasimama nje ya mlango: "Baba, bibi anasema lori la Tabora linaondoka saa kumi, na nauli ya mabati inalipwa hukuhuku."