Jinsi ya Kuimaliza Mishipa Yako Bila Kusikia Maumivu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye shughuli nyingi, anayetaka kuharibu mishipa yake ya damu lakini hana nafasi ya kuhangaika. Asiwe na wasiwasi. Kazi hii haitaki mtaji wala jasho, na kwa miaka kumi ya mwanzo hata mwenzio wa chumbani anaweza asijue. Kinachotakiwa ni imani moja tu, nayo uishike kwa mikono miwili: mwili ukiumwa, utaniambia.

Soma taratibu. Kama una andazi mkononi, endelea nalo.

VIFAA

Anza na kitambi cha wastani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huanza kushtuka kiuno cha mwanamume wa huku kwetu kikifika sentimita 94, na cha mwanamke kikifika 80. Usijipime. Anayejua ukweli wa kiuno chako ni fundi cherehani peke yake, na kwa adabu yake atasema tu, "Kaka, safari hii tuache nafasi kidogo." Mwitikie, kisha tafuta fundi mwingine.

Ongeza presha iliyopanda kidogo, sukari ya asubuhi iliyopanda kidogo, mafuta ya triglisaridi yaliyozidi kidogo na kolesteroli nzuri iliyopungua kidogo. Uzuri wa orodha hii uko kwenye hilo neno "kidogo". Hakuna hata kimoja kinachomkosesha mtu usingizi. Daktari akikuta vitatu kati ya vitano atasema una sindromu ya kimetaboliki, nawe utasema ni majina yao tu hayo. Mwaka 1988 daktari Mmarekani Gerald Reaven aliwaambia wenzake kwamba presha, sukari na mafuta ya namna hii hayakutani kwa bahati. Nyuma yake kuna insulini inayobisha hodi kwenye seli na seli hazifungui mlango. Kwa lugha ya mtaani: ni vibaka walewale, hutembea pamoja.

HATUA YA KWANZA: JAZA SUKARI

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita tano hivi, hubeba sukari ya takriban kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja, kutoka utosini hadi ukucha. Chupa ya soda ya nusu lita ina kama vijiko kumi na viwili. Unaona kazi ilivyo nyepesi? Mwenye afya zake atatoa insulini, sukari iingizwe kwenye misuli na ini, mambo yaishe. Wewe ambaye seli zako zimeziba masikio, sukari inabaki barabarani, inazurura usiku na mchana ikitafuta pa kushika.

Nayo hushika. Umeona andazi linavyogeuka kahawia kwenye karai? Zile ni sukari na protini zinashikana kwa moto. Mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza kemia hiyo mwaka 1912. Ndani ya mwili hakuna karai, joto ni nyuzi 37 tu, lakini mapishi ni yaleyale. Kuta za mishipa zilizokuwa zikinyumbuka zinakakamaa kama andazi la juzi. Usiwe na papara. Andazi huiva kwa dakika. Mshipa unataka miaka.

Tahadhari moja. Chembe nyekundu za damu nazo hugandwa na sukari, na kwa kuwa huishi siku 120 hivi, hutunza kumbukumbu ya miezi miwili mitatu. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayosomwa na kipimo cha HbA1c, na kipimo hicho ni mmbeya. Kwa kile cha kidole unaweza kushinda na mchicha siku mbili kabla ya kliniki, asubuhi ukasoma 6, nesi akakusifu. Kikija hicho kingine, kinaanika pilau zote tangu Idi. Kikisoma asilimia 6.5 au zaidi, jina lako ni mgonjwa wa sukari, hata kama umefunga tangu jana. Kwa hiyo waambie una haraka, wakupime kidole tu.

HATUA YA PILI: KWANGUA UTANDO

Ndani ya kila mshipa kuna utando wenye unene wa seli moja. Kwa muda mrefu ulionekana kama rangi ya ukutani tu, pambo la kutelezesha damu. Mwaka 1980 Robert Furchgott, akifanya kazi New York, alitangaza alichokiona kwenye vipande vya mshipa wa sungura: utando ukikwanguliwa, mshipa hukataa kulegea hata ukipewa kemikali ya kuulegeza. Kumbe utando ndio mtoa amri. Amri yenyewe ni gesi, naitriki oksaidi, inayouambia msuli wa mshipa: legea, damu ipite. Mwaka 1998 Furchgott alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad.

Wewe huhitaji maabara wala sungura. Utando huo unanyamazishwa na sukari iliyozidi, moshi wa sigara, kukaa kitako kutwa na chumvi inayomiminwa kabla mchuzi haujaonjwa. Mshipa usiopata amri hujikaza. Ukijikaza, presha hupanda. Presha ikipanda, huugonga utando zaidi. Mafuta mabaya hupenya penye udhaifu, seli za kinga huyafuata, huyala hadi zikavimbiwa, zikashindwa kuondoka. Hapo ukoko huanza kujengeka ukutani, kama ule wa sufuria ya wali, ila huu hakuna mtoto wa kuugombea.

Hongera. Kuanzia hapa mpango unajiendesha wenyewe. Unaweza kwenda kulala.

HATUA YA TATU: TAZAMA PENGINE

Sasa uharibifu utafika mahali pengi kwa pamoja. Kazi yako ni kutopatazama.

Macho. Vishipa vya retina vinaota vivimbe vidogo mno na kuanza kuvuja, huku wewe unasoma gazeti bila taabu. Daktari wa macho huona mabaya hayo kwa taa yake muda mrefu kabla hujaona wingu lolote. Ndiyo maana wanasisitiza uende kila mwaka, na ndiyo maana hupaswi kwenda. Ukiona ukungu, nunua miwani pale kituo cha basi.

Figo. Kila moja ina vichujio vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha vishipa vyembamba kuliko unywele. Vikichakaa, protini hupenya kama nazi kwenye chujio lililotoboka. Mkojo ukianza kutoa povu, sema ni sabuni ya chooni. Figo ni jirani mstaarabu: hapigi kelele mpaka nyumba yake imekaribia kuteketea yote.

Moyo. Wengi wanangoja maumivu makali ya kifua, yale ya kwenye sinema. Mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu hayo, kwa kuwa neva za kupeleka habari zimekwisha kuharibika. Atapata jasho la ghafla, kichefuchefu, uchovu usio na sababu. Atasema ni gesi. Ataomba maji ya tangawizi.

Kama unadhani huu ni utani wa mwandishi, yupo shahidi. Utafiti mkubwa wa kisukari cha ukubwani uliofanyika Uingereza, ambao matokeo yake makuu yalitoka mwaka 1998, uliwapokea watu ambao ndiyo kwanza wameambiwa wana sukari. Karibu nusu yao walikutwa tayari na uharibifu mwilini. Walikuwa wamefika hatua ya tatu kabla hawajajua kama wamejiandikisha.

MAADUI WA MPANGO

Wako wengi, na sura zao ni za upole. Kuna dakika thelathini za kutembea kwa miguu, ambazo huifanya misuli ivute sukari bila kungoja kubembelezwa na insulini. Kuna vidonge vya presha, vya sukari na vya kolesteroli, ambavyo ni lazima uviache mara tu ukijisikia nafuu. Hapa mtegemee jirani yako. Ana chupa isiyo na lebo iliyomponya shemeji yake; shemeji mwenyewe huwezi kumwona, yuko safarini.

Adui mkubwa kuliko wote ni kuanza mapema. Mwaka 1993 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliobana sukari vizuri, wakilinganishwa na kundi lililotibiwa kwa kawaida, walipunguza hatari ya kuanza kuharibika retina kwa asilimia 76. Baada ya hapo makundi yote mawili yakalingana sukari, lakini waliotangulia kujibana waliendelea kufaidi kwa miaka mingi. Mishipa haisahau wema, wala haisahau pilau. Kwa hiyo ahirisha. Sema utaanza baada ya harusi, kisha baada ya mfungo, kisha mwakani.

MTIHANI WA MWISHO

Mhitimu bora ninayemjua ni mjomba wangu, fundi seremala, aliyeufuata mwongozo huu miaka mingi kabla haujaandikwa. Kauli yake ilikuwa moja: "Mimi siumwi." Na kweli alikuwa haumwi. Miguu ilimchomachoma usiku kwa msimu mmoja, kama vile amekanyaga upupu, kisha ikaacha, naye akamshukuru Mungu kwa kumponya.

Jioni moja alitoka karakana, akapita dukani, akakaa kwenye kijiwe cha kahawa mpaka giza likaingia, ndipo akarudi nyumbani. Mlangoni akavua ndala. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikagoma. Akautikisa mguu, ndala ikang'ang'ania. Mkaza mjomba akainama na taa ya simu. Msumari wa inchi moja na nusu, mali ya karakana yake mwenyewe, ulikuwa umetoboa soli na kuzama unyayoni.

"Mume wangu," akasema, "umejipigilia."

Kesho yake nilimpeleka kliniki. Kidonda kikasafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda, sukari ikasoma 17. Kisha nesi, binti wa umri wa wajukuu zake, akamlaza na kutoa uzi mgumu wa nailoni, ule unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Akamwambia, "Babu, funga macho. Kila nikikugusa mguuni, sema ndiyo."

Mjomba akafumba. Nesi akaushika ule mguu mzima na kugusa kidole gumba, uzi ukapinda. Akagusa chini ya kidole cha tatu, akasogea kwenye kidole kidogo, akarudi katikati ya unyayo. Kila mara niliona ngozi ikibonyea. Mjomba alikuwa ametulia, mikono kifuani, akisubiri kwa adabu kama mtu anayetaka kupigwa picha ya kitambulisho.

Muda ukapita. Akakohoa kidogo.

"Anza basi, mwanangu."

Nesi alikuwa ameshaurudisha uzi kwenye kisanduku.

"Nimeshamaliza, babu."