Sifa za Bomba Kavu

Wafalme wamesifiwa, vidosho wamesifiwa, na hata farasi hawakukosa malenga. Lakini bomba la maji lisilotoa maji, ambalo hapa Newala limesimama katika nyua nyingi kwa adabu na ukimya, halijapata hata mtu mmoja wa kulikidhia haki yake. Mimi niliyekaa nalo dahari, naona ni faradhi yangu kulitolea ushahidi.

Fadhila zake ndogo nazipita mbio. Halitii tope uani, halina haja ya kufungwa usiku, na nyigu waliojenga mdomoni mwake wamelea vizazi bila ya kubughudhiwa.

Fadhila yake kuu ni utiifu kwa wahenga. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika hekaya ya Wamakonde ya kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha, na kulipokucha ikawa mke hai. Watoto wao wawili wa kwanza wakazaliwa wafu, mpaka walipopanda hadi Mahuta, juu ya uwanda huu, ndipo wa tatu akaishi, na mama yule akawausia wanawe wakae juu, mbali na mabonde yenye maradhi na mauti. Wosia huo wengi wamejaribu kuutangua. Katika miaka ya 1950 Waingereza walipandisha maji kutoka mabondeni kwa pampu. Katika miaka ya 1970 wakaja Wafini na michoro yao. Na serikali yetu ilikwisha kuahidi, mwaka 1971, kuwa ifikapo 1991 kila mwananchi wa shamba atapata maji safi katika mwendo usiozidi mita 400, na ulipowadia mwaka huo ahadi ikasogezwa hadi 2002. Katika halaiki yote hiyo, bomba langu peke yake ndilo lililobaki upande wa marehemu bibi yetu, tena kwa ijtihadi iliyoipita ile ya wanazuoni: yeye alikataza mabonde, nalo, kwa kuchelea shubuha, limeharimisha hata tone.

Kuna nyakati, hata hivyo, ambapo bomba hilo hupatwa na hali. Alfajiri hukohoa, hutetemeka, kisha hupuliza upepo mrefu. Na papo hapo kijishale chekundu cha mita huanza kuzunguka kwa furaha. Mwisho wa mwezi ankara hufika, wala haijapata kuchelewa. Hapa msomaji aniwie radhi, maana taadhima inanishinda: ni nani aliyeupangia bei upepo? Asimamaye Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, hupigwa na upepo wa bonde la Ruvuma mpaka kofia ikamtoka, na hapana karani amfuataye na stakabadhi!

Nilikwenda ofisi ya maji kulalamika. Ukutani, ndani ya kioo, umetundikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja, uahidio kila lalamiko jibu la haraka. Chini yake lipo sanduku la maoni, kufuli lake limeota kutu. Binti wa mapokezi akaniamkia shikamoo kwa heshima, akaandika jina langu daftarini, akasema, "Tumelipokea, babu, tunalifanyia kazi." Simlaumu, jioni nilimkuta akipatana bei na muuza madumu wa baiskeli, sawasawa na mimi.

Lawama ni ya wale wasioonekana mapokezini. Kupandisha maji kutoka chini hadi juu ya uwanda huu kunataka umeme, vipuri na mafundi. Kupandisha ahadi kunataka wino na kioo, na wakubwa, kwa kuwa ni wajuzi wa hesabu, wamechagua biashara iliyo rahisi. Kila Oktoba, katika wiki ya huduma kwa wateja, hukata keki, huvaa fulana mpya, na kututangaza kuwa wafalme.

Ufalme huo naurudisha kwa shukrani. Nataka tangazo moja la kweli, libandikwe sokoni, kwamba wiki hii maji hayatatoka. Kwa sababu aliyeambiwa hayaji hujua la kufanya, atakinga mvua ya bati kisimani au atanunua dumu mapema kabla bei haijapanda, bali aliyeahidiwa hukaa na ndoo zake akingoja, na usiku ukiingia hununua maji yale yale kwa bei ya dhiki, juu ya upepo aliokwisha kuulipia.