Kura Iliyopigwa Aprili

Ukitaka kumjua mtu mvumilivu, mtafute aliyegombea udiwani huku Ziwa, Uasin Gishu, mwaka 2022 bila wilbaro, nembo ya chama cha UDA. Kisheria uchaguzi ulikuwa Agosti 9. Kwetu ulikwisha Aprili, kwenye mchujo wa UDA. Agosti tulipanga foleni kuweka muhuri tu. Karatasi sita, wilbaro sita, macho hayana haja ya kusoma majina.

Mgombea huru hakufukuzwa, jamani. Alikaribishwa vizuri mno, na hapo ndipo penye balaa. Mursik, maziwa yetu ya kuganda, inamiminwa kutoka kwenye kibuyu, anaulizwa habari za mahindi na bei ya mbolea, kisha, akiwa bado na masharubu meupe ya maziwa, mzee anamwambia: “Wewe ni kijana wetu kabisa. Shida ni hiyo karatasi yako.” Anatoka ameshiba, kura hana.

Tusimcheke peke yake. Mfanyabiashara Zedekiah Bundotich, yaani Buzeki, aliwania ugavana bila chama 2017, akaangushwa na Jackson Mandago wa Jubilee. Akarudi vivyo hivyo 2022, akaangushwa na Jonathan Bii wa UDA, ambaye watu humwita Koti Moja. Koti lenyewe moja, lakini lilikuwa ndani ya wilbaro.

Na kabla ya wilbaro, namkumbuka yule mzee wa mursik mwaka 2007, koo limekauka kwa kulishangilia chungwa, nembo ya chama cha Raila Odinga. Siku hizi ukilitaja, anafunika kibuyu.