Stelingi Hafi, Hufa Umeme

Mwaka ukiisha, wajuzi wa filamu hutoa orodha zao: kumi bora, zimepangwa kwa nyota, na maelezo marefu kuhusu mwanga, uhariri na kina cha wahusika. Ya kwangu ya mwaka 2023 imechelewa kwa sababu nyota za kugawa sina. Nilitazama filamu mwaka mzima, kwenye jumba la sinema, kibandani, ndani ya basi na sebuleni kwa mama mkwe, na sikupata hata moja niliyoitazama kwa ule utulivu ambao wajuzi wanaonekana kuzaliwa nao. Nikaona nijitungie kipimo. Filamu bora ni ile iliyopambana na vituko vya siku hiyo ikatoka hai.

Nianze na zile za gharama. Tarehe 21 Julai filamu mbili kubwa zilitoka kwa pamoja: Oppenheimer ya Christopher Nolan, inayomhusu mwanasayansi aliyeongoza kazi ya kutengeneza bomu la atomiki, na Barbie ya Greta Gerwig, inayomhusu mwanasesere. Nyumbani kwetu zilipigwa kura, nami nikabaki chama cha upinzani, mbunge mmoja. Siku ya siku mke wangu, mabinti na shemeji yangu, wote wakiwa wamevaa rangi ya waridi, walikwenda kwa mwanasesere. Mimi nikaenda kwenye bomu.

Hesabu hakuna aliyeipiga. Barbie ina dakika 114, Oppenheimer ina dakika 180. Baki yake ni dakika 66, na kumbi zote mbili zilikuwa ndani ya jengo lenye maduka. Kadi yangu ya benki ilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu, kwa usalama. Katika dakika hizo 66 watu wa waridi walikula kuku, wakanywa juisi, wakanunua viatu, na shemeji akapimwa macho ingawa anasoma bango la basi kutoka upande wa pili wa barabara. Tangu hapo nikisikia filamu fulani imegharimu dola milioni 100 sishtuki tena.

Huko kwangu kulikuwa na baridi. Wenyeji wa jumba lile walikuja na makoti, mimi nilikuwa na shati la mikono mifupi na pakiti ya bisi niliyoishika kifuani kwa ajili ya joto. Tukafika kwenye tukio lenyewe, jaribio la bomu kule New Mexico, alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945. Hapo Nolan kafanya jambo la ujasiri. Moto unajaa skrini nzima, lakini mshindo hauji, kwa kuwa mwanga hufika kabla ya sauti. Kimya. Unasikia pumzi za watu tu. Ukumbi mzima umetulia, unangoja pamoja na wale wanasayansi. Katika kimya hicho simu ikaita nyuma yangu, na mwenyewe akapokea.

“Haloo, mama watoto. Bado nipo Chalinze. Foleni.”

Mshindo ukaja. Viti vikatetemeka.

“Hapana, si kitu! Lori hapa limepasuka tairi.”

Machi iliyofuata filamu ile ilizoa Oscar saba, ikiwamo ya filamu bora, na sina ugomvi na waamuzi. Ila yale mahojiano marefu ya saa ya mwisho, ambayo wajuzi wanasema ndiyo kiini cha filamu, nayakumbuka vipande vipande. Safu yetu ilikuwa bado inajadili kwa sauti ya chini kama mama watoto aliamini. Dada mmoja aliyekaa kushoto kwangu alisema hakuna mke wa kuamini tairi lile. Nakubaliana naye.

Kibanda umiza ni dunia nyingine. Kile ninachokwenda kiko Tandika, kiingilio jero, mabenchi ya mbao, na feni inayozunguka kwa heshima ya mwenye kibanda tu. Pale filamu haizeeki. Siku hiyo ilikuwa Commando ya mwaka 1985, iliyotafsiriwa. Wa rika langu tulimjua Arnold Schwarzenegger kwa sauti ya Lufufu, aliyekuwa akizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzitia chumvi yake. Wakenya nao wana DJ Afro wao. Huyu wa kwenye Commando yetu sikumtambua, ila alikuwa hodari. Stelingi alitukana Kitemeke safi, jambazi alimjibu kwa lafudhi ya Kigogo, na kila gari lilipolipuka mtafsiri aliwasalimu rafiki zake wa Mbagala.

Tukafika patamu. Stelingi ametua kisiwani kumkomboa binti yake aliyetekwa, amejipaka masizi usoni, mabomu yamening'inia kifuani, anaanza kutembea. Umeme ukakatika.

Jenereta hakuna. Vijana wakaanza kudai jero zao. Mwenye kibanda hakuhangaika hata kidogo, akamwonyesha kidole mtoto mmoja wa benchi la mbele, wa miaka kumi hivi. “Dogo, malizia.”

Dogo akapanda juu ya benchi. Akaigiza bunduki zote, kila moja na mlio wake. Akalipua nyumba za maadui moja baada ya nyingine, akaua watu wengi kuliko waandishi wa filamu walivyokuwa na ujasiri wa kuua. Alipofika kwa Bennett, adui mkuu, akashuka chini akapigana peke yake, mara stelingi, mara adui, hadi lile bomba likarushwa, likapenya kifuani kwa Bennett na mvuke ukatokea upande wa pili. Hapo katikati aliweka na chatu. Chatu yule alimmeza mlinzi mmoja mzimamzima, stelingi akampita akamwambia, “Shikamoo.” Umeme uliporudi runinga ikawaka, na benchi zima likampigia kelele mwenye kibanda aizime mpaka dogo amalize.

Nimeirudia Commando nyumbani ili nihakiki. Chatu hayumo. Filamu imepungukiwa.

Kuhusu sinema za zamani za Dar sisemi mengi, zimekwisha. Lakini ukipita Msasani kumbuka kwamba pale ulipo ubalozi wa Marekani palikuwa na sinema ya kutazamia ndani ya gari, iliyofunguliwa mwaka 1966. Kiingilio kimepanda tu.

Vuta N'kuvute niliitazama kwa mama mkwe, Unguja. Ni filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi, na ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Inatupeleka Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza: Yasmin, binti wa Kihindi, anaikimbia ndoa ya mume mtu mzima aliyechaguliwa na wazazi, kisha anakutana na Denge, kijana wa siasa anayewindwa na askari. Urefu wake ni kama saa moja na nusu. Sisi tulianza baada ya alasiri tukamaliza baada ya isha.

“Simamisha, mwanangu.”

“Sawa, mama.”

“Rudisha nyuma. Hicho kichochoro nakijua.”

Mkwe gani atakayekatalia rimoti? Kila kichochoro kilikuwa na hadithi yake, kila baraza ilikuwa na marehemu wake. Kanga ikipita kwenye skrini tunasimama ili aone mji wake vizuri. Akatueleza sinema ya Majestic ilivyokuwa siku za filamu za Kihindi, nani alikaa wapi na nani alikuja na nani, na baadhi ya majina hayo ni ya wazee wanaoheshimika sana mtaani hivi sasa, ikabidi niangalie dari. Mwanzoni alimlaumu Yasmin kwa kutoroka. Denge alipotiwa mbaroni akawa upande wa Yasmin kabisa, na alifuta machozi kwa ncha ya mtandio akisema ni vumbi. Mwisho akatoa uamuzi: “Nzuri. Lakini kitabu kina mengi zaidi.” Mimi nilichoona ni picha zenye uzuri wa kutisha, vivuli na mvua na taa za kandili, na ninashukuru kwamba kila moja niliiona mara tatu.

Na basi. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, lakini kwenye mabasi ya mikoani bado yuko kazini. Nilipokuwa nikienda Singida alitusindikiza hadi Dodoma. Baada yake konda akaweka filamu nyingine ya Bongo, jina lake sikulipata kwa kuwa aliurusha mwanzo. Mke mdogo katia sumu kwenye glasi ya juisi. Mume anarudi kazini, amechoka, ana kiu. Anaketi. Anaipokea glasi, anaiinua, inagusa mdomo, na maandishi yanatokea: Sehemu ya Kwanza Mwisho.

Abiria wote wakamgeukia konda. “Sehemu ya pili iko gari lingine,” akasema, akafungulia muziki.

Tulibishana mpaka Manyoni. Mzee mmoja alishikilia kwamba yule bwana aliona rangi ya juisi akashtuka. Mama aliyekuwa na kuku chini ya kiti akasema mwanamume mwenye kiu haoni rangi.

Uamuzi wangu ndio huu. Ya kwanza ni Commando, ile yenye chatu. Ya pili Vuta N'kuvute, na ningeipa ya kwanza kama isingekuwa dogo. Ya tatu Oppenheimer, pamoja na Chalinze yake. Barbie sijaiona, nimeilipia tu. Ile ya kwenye basi siwezi kuipa nafasi kabla sijajua mwisho wake, kwa hiyo wewe uliyepanda lile gari lingine, tafadhali nitafute uniambie: aliinywa, hakuinywa?