Jinsi ya Kulibomoa Gari Zima ili Kubadili Hita

Hita ya gari ni kifaa kidogo. Ni rejeta ya pili, ya alumini au ya shaba, ambayo unaweza kuibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Injini huipelekea maji ya moto kupitia mipira miwili, feni hupuliza hewa juu yake, na hewa hiyo ndiyo inayokupasha magoti ukiwa Makambako mwezi wa Julai. Wahandisi walikitafutia mahali ambapo mwenye gari asingekifikia hata kwa bahati mbaya, wakapapata: nyuma ya dashibodi, ndani ya sanduku la plastiki, chini ya chuma kinachobeba usukani, kikiwa kimeegemea ukuta wa injini. Ili kukitoa, utaondoa kila kitu ulichozoea kukitazama ukiendesha, isipokuwa barabara.

Dalili utazipata kwanza puani. Kulanti ina harufu tamu, nayo ikianza kuvuja kwenye hita, gari hunuka sharubati iliyochacha. Ukiwasha feni kioo cha mbele kinajaa ukungu, na ukiufuta kwa kitambaa unabaki utando wa kunata unaoifanya kila taa inayokuja usiku ionekane tatu. Kapeti la mguuni pa abiria limelowa, ingawa mvua haijanyesha tangu Pasaka. Maji kwenye chupa yanapungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Katika hatua hii mwenye gari makini humsingizia aliyekalia kiti cha mbele: kamwaga soda, kapanda na viatu vya maji, kasahau chupa haijafungwa. Tuhuma za namna hii zinaweza kukupa wiki kadhaa za amani.

Ukichoka kutuhumu, inama uguse hayo majimaji. Yakiwa mepesi na hayana harufu, ni maji ya AC. Kile kimrija cha kuyatolea nje kimeziba, kizibue uende zako. Yakiteleza vidoleni na kunuka utamu, ni hita. Usiyaonje. Ethylene glycol iliyomo kwenye kulanti nyingi ni tamu na ni sumu inayoharibu figo, kwa hiyo yawekwe mbali na watoto na mbwa wa jirani, hata yule anayebweka usiku kucha.

Sasa, kama unaishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mwongozo huu si wako. Nasema kwa nia njema. Pwani hita imebaki kuwa ushahidi tu kwamba gari lilitoka Japani, kwa watu wenye theluji. Fundi yeyote wa chini ya mwembe atachomoa ile mipira miwili kwenye ukuta wa injini, ataiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, atakaza klipu, na utaondoka chai yako ikiwa bado ya moto. Ni tiba halali. Mwambie tu asizibe kila mpira kwa kijiti, maana kwenye baadhi ya injini njia hiyo ya hita ni sehemu ya mzunguko wa maji, na maji yasipozunguka utatafuta injini badala ya hita.

Halafu usipande mlima wa Kitonga. Pale ndipo wenye hita na waliokata hita wanapotengana. Dereva anayejua, sindano ya joto ikianza kunyanyuka katikati ya mlima ule, huzima AC, hufungua hita mpaka mwisho, feni nayo mpaka mwisho, kisha hushusha vioo vyote. Sehemu ya joto inahama kutoka kwenye injini kuja magotini kwake. Yeye anatokwa jasho, injini inapumua. Aliyekata hita anashuka kwenda kuvunja matawi ya miti ayapange barabarani nyuma ya gari lake.

Wanaobaki basi ni watu wa Njombe, Makete, Uyole, Lushoto, Limuru na Kabale, wanaoamka kioo kimeganda ukungu na watoto wanachelewa shule. Karibuni, kazi ni yenu. Lakini kwanza tumtaje muuaji, maana hita haifi yenyewe. Inauawa, na mara nyingi anayeiua ni maji ya bomba. Chumvi zake hujijenga kwenye vimirija vyembamba vya hita, kutu ya injini hujiunga nazo, alumini inalika polepole mpaka inatoboka. Kulanti ina dawa za kuzuia hayo, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi hupandisha pia kiwango cha kuchemka. Mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji matupu kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na injini yako inapenda kufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Kinachokuokoa ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, ule ulioandikwa 0.9 au 1.1, ambao fundi wa mwisho aliubadilisha na mwingine kwa sababu ulikaribiana kufanana. Akaondoa na thamostati, akisema hizi ni za nchi za baridi. Hita ilipoanza kuvuja, akamimina bizari kwenye rejeta. Kuna shule nyingine ya tiba inayotumia yai bichi. Zote mbili huziba tundu kwa muda, na zote huziba vingine ambavyo havikuwa na tundu.

Vifaa. Tafuta soketi namba 10. Tafuta na ya pili ya namba 10, kwa sababu ile ya kwanza itapotea kabla ya saa sita mchana, ndani ya gari ambalo milango yake imefungwa. Ya tatu mkabidhi mtu unayemwamini na umkataze kukupa mpaka umlilie. Mengine ni ya kawaida: bisibisi ya nyota, ndefu na fupi, soketi ya nati ya usukani (Toyota nyingi ni namba 19), plaizi, utepe wa karatasi wenye gundi wa kuandikia majina ya waya, vikopo vya skrubu, na simu yenye chaji na nafasi ya picha. Piga picha ya kila kitu kabla hujakigusa. Utapiga tano, utaona inatosha, utaacha. Na skrubu zitakazokushinda baadaye ni zile za baada ya picha ya tano.

Kama kazi unampa fundi, atakwambia ulete gari saa tatu asubuhi na saa tisa unaondoka nalo. Hakusema saa tisa ya siku gani, nawe hukuuliza.

Siku ya kazi, legeza kichwa hasi cha betri, kiondoe, kisha usubiri. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka sekunde 90 kabla ya kugusa chochote cha eabegi. Vya makampuni mengine vinataka hadi dakika kadhaa. Hapa naweka mzaha pembeni. Kisanduku cha eabegi kina akiba ya umeme inayobaki hata betri ikiondolewa, ili mfuko uweze kulipuka hata kama ajali imekata waya. Plagi za njano ni za mfumo huo. Usizipime kwa taa ya majaribio, usizigongegonge, na eabegi ukishaitoa ilaze upande wa kifuniko ukitazama juu, mbali na watu. Usiibebe ukiwa umeikumbatia. Nyoosha matairi ya mbele kabla ya kutoa usukani, na utepe wa nyaya uliojiviringa chini yake usiuzungushe, maana ukifungwa nje ya kati utakatika siku utakayokata kona yote, na honi itakufa pamoja na eabegi.

Mzaha unaweza kurudi. Dashibodi ya gari la mtumba imekaa juani miaka 20 na zaidi, na plastiki yake imeshaamua kwamba haitapinda tena. Kila klipu ina sauti mbili, ya kuachia na ya kuvunjika, nazo zinafanana kabisa. Tumia mwiko mwembamba wa mti kuibanjua, si bisibisi, na mwiko wenyewe ununue. Ule wa jikoni una mwenyewe. Anza na vipande vya kwenye gia, kisha redio, vitufe vya AC, droo ya abiria, kifuniko cha saa ya spidi, nguzo za pembeni ya kioo. Ukivuta dashibodi ikagoma, usiongeze nguvu. Kuna skrubu moja hujaiona. Iko nyuma ya kile kifuniko kidogo ulichokidhania urembo.

Dashibodi ikishasogea, utakutana na historia ya gari lako. Safu ya juu kabisa ni ya hapa nyumbani: waya za redio zilizofungwa kwa nailoni, alamu iliyofungwa na fundi mmoja na kukatwa na mwingine, swichi ya siri ya kuzuia wezi ambayo mwenye gari wa zamani alikufa nayo moyoni. Chini yake ni ya bandari: kikaratasi, mchanga, kifuniko cha kalamu. Ya chini kabisa ni Japani. Humo kuna sarafu ya yen 5 yenye tundu katikati, risiti ya maegesho, na kile kisanduku cha ETC cha kulipia barabara za kulipia huko kwao, ambacho kila ukiwasha gari sauti ya mwanamke hukuambia kwa Kijapani, kwa adabu zote, kwamba hujaweka kadi. Kichomoe. Hata ukiishia hapa bila kuifikia hita, siku yako haikuharibika.

Wakati huo huo watakuwa wamefika watazamaji. Haijulikani huwa wanaambiwa na nani. Mmoja atasema gari la namna hii halifunguliwi hivyo, mwingine atasema binamu yake aliibadilisha hita bila kugusa dashibodi. Usibishane naye. Kwenye baadhi ya magari inawezekana kweli, hita inachomolewa kwa pembeni ukiondoa droo na mirija. Hakikisha hilo kabla, si wakati usukani uko kwenye kiti cha nyuma.

Kwenye magari mengi sanduku lenye hita ndilo lenye koili ya AC, na halitoki bila kufungua mirija ya gesi. Gesi hiyo, R134a kwa magari mengi yaliyopo barabarani kwetu, isiachiwe hewani kwa kufungua nati na kukimbia. Kilo moja yake inapasha joto angahewa kiasi cha kilo 1,400 hivi za kaboni dioksidi, na mkataba wa kuzipunguza gesi za aina hiyo ulifikiwa hapahapa jirani, Kigali, mwaka 2016. Mwenye mashine ya kuivuta aivute kwanza. Na ukishafika hapo, kagua koili ya AC pia. Ikiwa imechakaa, ibadili leo, usije ukaisoma makala hii mara ya pili.

Kuitoa hita yenyewe ni jambo dogo. Injini ikiwa imepoa, mwaga kulanti kwenye beseni, kata mipira iliyogandia kwa kisu badala ya kuivuta na kupinda mirija, fungua sanduku, toa ya zamani, weka mpya pamoja na sponji zake za pembeni. Ya zamani nenda nayo dukani, Kariakoo au Kirinyaga Road, uzilinganishe mirija kwa mirija. Mwenye duka atakuhakikishia kwamba ni ileile kabla hujaitoa kwenye mfuko. Usinunue hita ya mtumba. Ni ya umri uleule, imekunywa kulanti zilezile, na ukiivalisha leo utaivua mwakani.

Halafu kuna hatua ambayo karibu kila mtu huiruka: unganisha mipira, jaza maji, pima presha, uangalie kama kuna mvujo, dashibodi ikiwa bado chini. Wanaoiruka ni watu wenye imani kubwa na jioni nyingi.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, ndivyo vitabu vinavyosema, na waandishi wake hawakuwa na skrubu sita za ziada kwenye kikopo. Zikibaki, angalia kwanza chuma kinachobeba usukani na vishikio vya eabegi. Huko hakuna cha ziada. Zikiwa za plastiki za urembo, zitie droo ya abiria, dashibodi italia kwenye kila tuta. Rudisha thamostati, weka mfuniko wa presha sahihi, egesha pua ya gari ikitazama mlimani, fungua hita upande wa moto, washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, na ujaze kulanti polepole mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, hita mpya itapuliza baridi na utaituhumu bure.

Kapeti livue ulioshe kwa maji mengi na kulianika juani siku nzima, maana kulanti iliyoloweka sponji ya chini haikauki yenyewe. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tazama kiwango kwenye chupa kabla ya kuwasha gari, na uendelee kukitazama wiki nzima. Ukikuta kimeshuka, ongeza kulanti, usiongeze maji ya bomba, na usinipigie simu.