Sifa za Woga wa Msomaji

Katika hisia zote ambazo hadithi humtia msomaji, hakuna iliyodharauliwa kuliko woga, ingawa ndiyo isiyoghushika: mtu huweza kujifanya ameguswa na tanzia, lakini hawezi kuviamuru vinyweleo vyake visimame. Wahakiki huitupa hadithi ya kutisha katika kapu la riwaya pendwa, yaani kazi za kuburudisha zinazoandikwa ili ziuzwe kwa wingi, wakisahau kwamba Aristotle aliuketisha woga kando ya huruma alipoeleza takaso, yaani kusafishwa kwa hisia za mtazamaji wa tanzia.

Utukufu wa woga huu huonekana vyema Pito, karibu na mji wa Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa ulio takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi na upepo wa Juni na Julai, pamoja na milio ya bati, humfanyia mwandishi nusu ya kazi bila kudai mrabaha. Watanzania wengi wa mbali huiogopa Sumbawanga kwa sifa ya uchawi na radi za kutumwa (sifa iliyonenepeshwa na masimulizi kuliko ushahidi), hivyo msomaji wa Pito ni mtu anayeogopwa na wenzake huku mwenyewe akiogopa karatasi. Akipewa Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, husoma kwa utulivu, kwani mfu anyonyaye damu katika ngome ya Ulaya hana nauli ya kufika Rukwa. Akipewa Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya mwaka 1977, ambamo kijana anarithishwa uchawi wa baba yake, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, homoni inayouandaa mwili kupigana au kukimbia, wakati pa kukimbilia hapapo na wa kupigana naye ni mhusika wa kubuni.

Faida zake nazo hazina mfano: milango hukomewa mapema, choo cha nje hupumzika hadi alfajiri, na mdogo mtu aliyefokewa mchana kutwa huombwa kwa staha kubwa asindikize. Methali husema kwa mwoga huenda kicheko; hapa kicheko hicho ni cha huyo msindikizaji. Riwaya ya kutisha ambayo msomaji wake anaweza kutoka peke yake saa nane za usiku, bila taa, imeshindwa kazi, hata ikisifiwa na wahakiki wote.