Jinsi ya Kuchonga Ukingo Bila Kuuaibisha Mringaringa

Desemba ikikaribia, Mwika, Kilimanjaro, haina siri. Watoto wa kihamba, shamba la ukoo, wanarudi kutoka Dar es Salaam na Arusha, na kila mangi anataka mlango mpya usimame kabla mbege ya Krismasi haijaiva. Fundi, hapo ndipo haraka inapokuvizia. Mti uliotia kahawa kivuli kwa miaka mingi unaweza kuharibiwa na biti moja butu ya ruta kabla chai yako haijapoa. Basi weka kikombe chini, tuanze.

1. Ijue mbao. Mringaringa ni mpole, haugombani na mtu. Mgrevilea una madoa yanayong'aa, mazuri mno, ila ukiuendea kwa pupa unabanduka. Msaiprasi una vifundo vigumu. Mbao mbichi haikatwi, inanyofoka nyuzi kama nyama ya ng'ombe mzee. Iache ikauke.

2. Chagua biti. Biti nyoofu ni ya mifereji, ya duara ni ya kulainisha kona, na yenye beringi hufuata umbo la kielelezo. Nunua yenye makali ya kabaidi, maana chuma cha kawaida huchoka upesi. Biti butu si kisu, ni jiko: ukiona weusi na kusikia harufu ya moshi, ujue umeshaanza kupika.

3. Pima mpini wa biti, ulingane na tundu la ruta. Milimita 6 na robo inchi si mapacha. Robo inchi ni milimita 6.35, na pengo hilo dogo linatosha biti iteleze na kuchimba shimo asiloliagiza mteja. Chomoa waya, ingiza mpini hadi mwisho, urudishe kama milimita 3, kisha kaza.

4. Punguza kasi. Biti nyembamba huvumilia mizunguko 20,000 na zaidi kwa dakika. Yenye upana wa milimita 50 iteremshe hadi 12,000 au chini yake, kwa sababu makali yake husafiri mbali zaidi kila mzunguko. Biti nene haikimbizwi.

5. Fuata njia. Ukishika ruta mkononi, ukingo wa nje uzungukie kinyume cha mishale ya saa. Ndani ya fremu, fuata mishale. Anzia kwenye vichwa vya mbao, malizia ubavuni, ili ubavu ufute vipande vilivyoruka konani. Kata milimita 3 kwa mpito mmoja. Kina cha 12 ni mipito minne. Usisite katikati ya njia, maana ruta ikituama inaunguza.

6. Umeme ukikatika, zima swichi kwanza, ndipo ulalamike. Umeme hurudi bila kubisha hodi, na ruta iliyoachwa imewashwa itaruka benchini.

Wapo mafundi wanaouachia msasa kila kosa, kana kwamba ndio msamaria wa karakana. Msasa hulainisha tu. Kipande kilichobanduka haukirudishi.

Kwa hiyo, fundi, vaa miwani, chukua kipande kilichobaki cha mbao ileile, ukipitishie biti. Ukingo usipokuridhisha wewe, hautamridhisha mwenye mlango. Badili biti, ujaribu tena, ndipo uuguse mringaringa wa watu.